Pikapu ya baba mdogo: tuitengeneze au tununue nyingine?

Mwishoni mwa Mei baba mdogo alinipigia simu akaniomba nifike kwake Kikuyu, Dodoma, siku ya Jumapili, "na uje na kichwa chako cha hesabu." Pikapu ilikuwa imelala gereji kwa mara ya tatu tangu Pasaka, na nyumba ilikuwa imegawanyika. Mdogo wangu, mwanawe ambaye ndiye dereva, alitaka iuzwe wiki hiyohiyo. Baba mdogo alitaka itengenezwe. Mama mdogo hakuwa upande wowote. Alitaka tu mtu amwonyeshe fedha zinakwenda wapi.

Nakiandika kisa hiki chote kwa sababu nawaona watu wengi hapa Dodoma wakisimama kwenye njia panda hiyohiyo, na wengi huamua kwa hasira ya siku gari lilipowalaza njiani. Tarakimu zote ni za pikapu hii moja na mwaka huu mmoja. Njia tuliyopita ndiyo nataka msomaji aione, kisha aweke tarakimu zake.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux, singo kebini, injini ya dizeli iitwayo 3L, ile ya sentimita za ujazo 2,779, usajili wa namba B. Baba mdogo aliinunua mwaka 2013 kwa mtumishi aliyekuwa anastaafu, na tangu hapo haijatoka kanda ya kati. Ana heka tatu za mizabibu Mpunguzi, barabara ya Iringa. Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba, na msimu ukifika pikapu haina usiku wala mchana. Katikati ya misimu inabeba samadi, tangi la maji, na mahindi kutoka soko la Kibaigwa. Inatembea kama kilomita 18,000 kwa mwaka.

Dalili zilikuwa zinajulikana mtaani kote. Asubuhi inapigwa stata mpaka betri inachoka, kisha inawaka na moshi wa bluu unaofunika geti. Inakula oili lita moja kila kilomita 400 na kitu. Kilima kidogo ukiwa na mzigo wa tani moja, unarudi gia ya pili. Kuna usiku ilizimika ikiwa na kreti za zabibu, na mdogo wangu akalala nayo barabarani mpaka saa 12 asubuhi. Alipokuwa ananisimulia hilo sauti ilibadilika. "Kaka, nyie mnahesabu hela. Mimi ndiye niliyekaa gizani na malori yananipita sentimita chache." Niliandika hilo kwanza kabisa kwenye karatasi, juu ya tarakimu zote, kwa sababu uamuzi wowote ambao ungemrudisha barabarani na gari la kubahatisha haukuwa uamuzi.

Jumatatu tukaenda gereji. Fundi ni mtu mzima, amefanya kazi miaka mingi chini ya mwarobaini uleule, na alitupokea kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kabla ya kufuta mikono. Alikuwa ameshasema tangu wiki iliyopita kwamba injini imekufa na inahitaji ovahoo, yaani kufunguliwa yote na kufanywa upya. Nilimwomba kitu kimoja: kabla hatujazungumza bei, tujue imekufa kwa nini.

Aliwasha injini, ikatulia silensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukiweka juu ya tundu bila kukikaza. Kikaanza kurukaruka kama mfuniko wa sufuria ya ugali, na mvuke wa oili ukapuliza pembeni. Hiyo ni hewa ya mbano inayopita ringi za pistoni na kushuka chini, badala ya kubaki juu ikasukuma gari. Kisha akatoa hita, zile plagi za kupashia injini joto, na kupima mbano wa kila silinda. Injini ya aina hii ikiwa na afya husoma karibu kilo 30 kwa sentimita ya mraba, na chini ya 20 ni lazima ifunguliwe. Zetu zilisoma 24, 23, 15 na 22. Ya tatu ndiyo iliyokuwa imekufa. Nyingine zilikuwa zimechoka tu. Akaunga mpira wa kompresa kwenye silinda ya tatu, pistoni ikiwa juu kabisa na vali zimefungwa, akaruhusu upepo, kisha akazunguka na sikio lake: kwenye ekzosi kimya, kwenye njia ya hewa kimya, kwenye rejeta hakuna mapovu. Kwenye tundu la oili, upepo ulikuwa unavuma. Ringi.

Kipimo hicho kilichukua nusu saa na kilituokoa kubahatisha. Ningependa kila mwenye gari akiombe kabla hajakubali neno "ovahoo."

Lakini ringi haziishi hivihivi, silinda moja ikiwa mbaya kuliko nyenzake. Fundi alirudi mbele, akalegeza klempu ya mpira mnene wa hewa unaotoka kwenye ea klina kwenda kwenye injini. Upande wa juu mpira ulikuwa mzima. Upande wa chini, pale unapojikunja na ambapo jicho halifiki, ulikuwa umepasuka urefu wa kidole, na mtu alishawahi kuufunga kwa mfuko wa plastiki na waya. Fundi akaniambia niingize kidole ndani ya bomba, upande wa injini, ule ambao hewa inatakiwa kuwa imeshachujwa. Niliingiza kidole kikavu. Kilitoka chekundu, na vumbi nilipolisugua kati ya kidole na gumba lilikwaruza kama msasa.

Nani ameishi Dodoma asijue vumbi la Julai hadi Novemba? Barabara za mashamba ya Mpunguzi zinakuwa unga. Injini hii ilikuwa inavuta unga huo moja kwa moja, mzunguko baada ya mzunguko, kwa pengine misimu miwili. Mchanga ukichanganyika na oili unasaga ringi na kuta za silinda. Ndiyo maana nilisema pale pale, na bado naamini ndicho kiini cha kisa chote: injini hii haikufa kwa uzee. Ilikufa kwa jeraha. Na jeraha hilo lingeweza kuua injini ya gari lolote ambalo tungelinunua, kwa sababu sisi ndio tuliofunga mfuko wa plastiki, na sisi ndio tuliokuwa tunapuliza filta ya hewa kwa kompresa na kuirudisha badala ya kununua mpya.

Mdogo wangu alikaa kimya muda mrefu. Mfuko wa plastiki alikuwa ameufunga yeye, Agosti ya mwaka juzi, akiwa na haraka ya mzigo. Baba mdogo alimwekea mkono begani na kumwambia, "Mwanangu, mimi ndiye niliyekwambia ufunge, twende." Hapo mjadala ulibadilika sura.

Uzee wenyewe uko wapi basi? Kwa pikapu ya kazi, mimi nautafuta kwenye chesisi. Injini inatolewa na kurudishwa. Giaboksi vilevile. Chesisi ikioza, gari limekwisha, hata likiwa na injini ya jana. Fundi alichukua nyundo ndogo akaingia chini kwa mgongo, akaanza kugonga kuanzia mbele, kila kiganja kimoja pigo moja. Mlio ulikuwa mkali na mwembamba, kama kengele ya shule ya chuma cha reli. Akapita chini ya kebini, mlio uleule. Akafika nyuma, karibu na pingili ya springi ya kushoto, nyundo ikatoa sauti nzito, "pu." Akarudia. "Pu." Akakwangua na bisibisi, gamba la kutu likaanguka kwenye shati lake, chini yake kukawa na eneo la ukubwa wa kiganja lililokuwa limeliwa. Sababu tuliiona papo hapo: samadi iliyokuwa inachuruzika kutoka kwenye bodi la nyuma na kukaa kwenye kona hiyo, ikichukua unyevu kila mvua. Sehemu nyingine yote, upande wa kulia mpaka mwisho, ilikuwa kavu.

Ukavu huo ni zawadi ya mahali. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na hakuna upepo wa bahari. Pikapu iliyozeekea hapa ina chesisi ambayo pikapu ya pwani ya umri huohuo haiwezi kuwa nayo. Watu wetu wanalitazama gari lililotoka Dar au Tanga kama la mjini zaidi, na hili la kwetu lenye rangi iliyopauka kama kuukuu. Rangi hupaushwa na jua. Chesisi huliwa na chumvi.

Usiku huo nilikaa na kaunta buku la mama mdogo. Ameandika kila shilingi iliyoingia kwenye pikapu tangu Juni mwaka jana, kwa mwandiko ambao sijawahi kuona ukitetereka. Jumla: shilingi 4,760,000 bila dizeli. Hiyo ndiyo tarakimu mdogo wangu alikuwa anaisema kila siku, "gari linakula milioni tano kwa mwaka, la nini?"

Nilichora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja niliweka vitu ambavyo gari lolote, hata lingetoka dukani jana, lingekula likipita barabara hizi: tairi nne 1,280,000, springi na bushi 390,000, breki 310,000, betri 280,000, sevisi nne za oili na filta 600,000. Hiyo ni 2,860,000. Upande wa pili niliweka vilivyotokana na ugonjwa: oili ya kuongeza lita 42, shilingi 420,000, nozeli kusafishwa mara mbili 340,000, rejeta na gasketi ya hedi 560,000, stata iliyoungua kwa kupigwa sana asubuhi 260,000, gari la kuvuta mara mbili 240,000, mipira 80,000. Hiyo ni 1,900,000.

Kwa hiyo asilimia 60 ya "milioni tano" ilikuwa gharama ya barabara, na ingetufuata popote. Hapa ndipo naona watu wanadanganyika zaidi kuliko mahali pengine. Wanajumlisha tairi na springi pamoja na injini, wanaiona jumla, wanakata tamaa, wanauza, wananunua jingine, na mwaka unaofuata wananunua tairi na springi zilezile.

Ila buku nalo lilikuwa limeficha kitu upande wa pili. Siku 37 gari lilisimama. Siku tisa kati ya hizo zilikuwa za mavuno, na zabibu hazisubiri. Zikikatwa asubuhi na kukaa juani mpaka jioni zinanywea, zinaanza kuchachuka, na mnunuzi wa zabibu za mvinyo anazirudisha au anazishusha bei. Walikodi pikapu ya jirani kwa 90,000 kwa siku, jumla 810,000, na mzigo mmoja uliochelewa waliuuza sokoni kwa hasara niliyoikadiria pamoja nao kuwa 490,000. Hakuna lililoandikwa, kwa sababu halikulipwa gereji. Ukiliongeza kwenye ile 1,900,000, ugonjwa wa gari uligharimu 3,200,000 kwa mwaka, karibu 267,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo tarakimu halisi ya kushindanisha na mengine.

Mengine yalikuwa mawili.

La kwanza lilikuwa injini ya mtumba. Dalali wa vipuri alisema anaweza kutuletea 3L kutoka Dar es Salaam kwa 5,500,000, bado kufunga. Sikuipenda na sikuificha. Injini ya namna hiyo unainunua ikiwa imefungwa, hujui ilinywa vumbi gani kwa mwenzako, na namba ya injini kwenye kadi ya gari inabidi ibadilishwe TRA, Mamlaka ya Mapato, la sivyo siku ya kuuza au ya ukaguzi unaanza maelezo. Niliiacha iwe njia ya akiba, iwapo bloku yetu ingekutwa imepasuka.

La pili, ambalo mdogo wangu alilipigania, lilikuwa pikapu nyingine. Kuagiza kutoka Japani kuliondoka mezani haraka: ushuru wa forodha asilimia 25, kisha VAT asilimia 18 juu ya thamani pamoja na ushuru huo, yaani gari limeshapanda asilimia 47.5 kabla ya ushuru wa bidhaa na tozo nyingine, na thamani yenyewe TRA huikadiria kwa mfumo wake, siyo kwa risiti yako. Likabaki la hapahapa. Alikuwa ameshalipata moja Nzuguni, Hilux ya baadaye kidogo, injini iitwayo 5L (ni jina tu, siyo lita tano), rangi nyeupe inayong'aa, bei 23,000,000. Hesabu yake ilikuwa: tuuze yetu 8,000,000 kama ilivyo, tukope 15,000,000 SACCOS, chama cha akiba na mikopo.

Tulikwenda kuiona Alhamisi, watu wanne. Nakiri kwamba iliwaka vizuri sana. Kebini ilinukia sabuni. Baba mdogo mwenyewe alikaa kwenye usukani na nikaona anaipenda. Fundi hakugusa injini. Alitandika kipande cha boksi chini, akaingia, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba chesisi imepakwa rangi nyeusi mbichi. Gari zima limetumika, chesisi peke yake mpya? Akagonga. Nyuma ya kebini mpaka mwisho, pande zote mbili, "pu, pu, pu." Akaomba ruhusa ya mwenye gari, akasukuma bisibisi kwenye kona ya chuma cha kukingama kinachobeba springi. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Muuzaji alisema kwa upole kwamba gari lilikuwa Tanga likibeba samaki. Maji ya barafu ya chumvi, miaka na miaka, juu ya chuma. Nilipitisha sumaku ndogo kwenye milango, ikateleza mahali patatu ambapo chini ya rangi palikuwa na puti tupu, ile lipu ya kuzibia mabati, wala si chuma.

Simlaumu muuzaji, kwa sababu tulipouliza alijibu. Lakini shilingi milioni 23 zingenunua uzee wa kweli, ule usiotibika, uliofunikwa na rangi, na tungeacha uzima wa kweli uliofunikwa na moshi.

Hata hivyo nilimwambia mdogo wangu kwamba pikapu moja mbovu haithibitishi kuwa zote ni mbovu, na nikamfanyia hesabu ya ile ambayo ingekuwa nzuri kwa bei hiyohiyo. Mkopo wa 15,000,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, miezi 24, ni rejesho la karibu 749,000 kila mwezi, na riba yote karibu 2,970,000. Siyo haki kuliita rejesho lote hasara, maana gari linabaki lako. Hasara ni riba pamoja na thamani inayoshuka. Tukisema baada ya miaka miwili lingeuzika 18,000,000, unapoteza 5,000,000 ya thamani na karibu 3,000,000 ya riba: kama 332,000 kwa mwezi. Yetu iliyo mgonjwa ilikuwa inatugharimu 267,000. Tofauti si kubwa kama baba mdogo alivyodhani, na ikiwa kungekuwa na pikapu nzuri na fedha taslimu mkononi, ningemwelewa mdogo wangu kabisa.

Kisha tukaweka ya kutengeneza. Fundi alikuwa ametoa makadirio ya 3,700,000, pamoja na klachi na kiraka cha chesisi. Nikasema tuchukulie inapanda mpaka 4,500,000. Ikidumu miaka minne ni 94,000 kwa mwezi. Ikidumu miaka miwili tu, kwa mkosi, ni 187,500. Kwa vyovyote iko chini ya zote.

Mama mdogo alikuwa anatusikiliza huku anachambua maharage. Alipoongea alisema sentensi moja ambayo mimi na hesabu zangu tulikuwa hatujaigusa: "Mkopo unalipwa kila mwezi, zabibu hazivunwi kila mwezi." Machi wanapata, Septemba wanapata, katikati ni mahindi kidogo na ada za shule. Rejesho la 749,000 mwezi wa Mei lingetoka wapi? Lingetoka kwenye kuuza zabibu zikiwa bado mtini, kwa bei ya mwenye haraka. Gharama hiyo haiko kwenye riba ya SACCOS yoyote, na nadhani ndiyo iliyoamua.

Tuliamua kutengeneza, na tukaandika masharti kabla boneti halijafunguliwa, baba mdogo na fundi wakaweka sahihi. Bloku ikiwa imepasuka, tunasimama na kurudi kwenye injini ya mtumba. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikihitaji kukerezwa kupita saizi ambayo beringi zake zinapatikana Dodoma, tunasimama. Jumla ikigusa 4,500,000, hakuna kinachoongezwa bila kukaa tena mezani. Mwisho wa kazi Julai 20, kwa sababu Agosti ni zabibu. Na sharti la mdogo wangu: breki na taa za nyuma zikaguliwe na kukamilishwa kabla gari halijabeba kitu, hata kama rangi haitapigwa kamwe. Kuandika masharti kabla kuna maana, kwani injini ikishakuwa vipande mezani, kila kipande kinaomba fedha na huna tena nguvu ya kukataa.

Fedha zilitoka kwenye akiba ya mahindi na ng'ombe wawili waliouzwa mnada wa Msalato. Hakuna aliyefurahia kuuza ng'ombe.

Ilipofunguliwa, ringi ya juu ya pistoni ya tatu ilikuwa imekatika vipande viwili, na ukuta wa silinda hiyo ulikuwa na mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha. Krenki ilikuwa nzuri kuliko tulivyotegemea, saizi ya kwanza ikatosha. Silinda nne zilipanuliwa kwa nusu milimita na kuwekewa pistoni kubwa za saizi hiyo. Pigo lilikuja kwenye hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba vali. Ilipopelekwa kupimwa kwa presha ndani ya maji, mapovu yalitoka kati ya vali mbili za silinda ya tatu. Hedi nyingine ilikuwa 780,000, jumla ikawa 4,480,000. Shilingi 20,000 chini ya ukomo wetu. Baba mdogo alinipigia saa 4 usiku kuuliza kama bado tuko ndani ya karatasi. Tulikuwa ndani, lakini kama ingekuwa 30,000 zaidi tungekaa mezani, na sijui tungeamka na jibu gani.

Kwenye chesisi, nilikaa kuangalia. Betri ilichomolewa kwanza, waya za altaneta pia. Kutu yote ilikatwa mpaka kwenye chuma cheupe. Kiraka cha milimita 5 kilikatwa kwa umbo la almasi, ncha zikiangalia mbele na nyuma, ili mstari wa kuchomelea usiikate chesisi wima; mstari wa wima ndipo chesisi huvunjikia baadaye. Kisha rangi ya kuzuia kutu, na bodi la nyuma likatobolewa matundu mawili mahali pengine ili maji ya samadi yadondoke chini moja kwa moja. Mpira wa hewa ni mpya, klempu mpya, boksi la ea klina limebadilishwa kwa sababu ukingo wake ulikuwa umepinda na haukuziba.

Ilitoka Julai 17. Kilomita 1,000 za kwanza ilibeba magunia mawili matatu tu, bila kukimbizwa na bila kuachwa inaunguruma silensa muda mrefu, kisha oili ikamwagwa na kuwekwa nyingine. Hilo lilimkera mdogo wangu, maana mizigo ya watu ilikuwa inamsubiri, lakini alilifuata mpaka kilomita ya mwisho.

Sasa ni mwisho wa Septemba. Imetembea kilomita 3,600, imeongezwa nusu lita ya oili. Zamani ilikuwa inakwenda chini kidogo ya kilomita 8 kwa lita ya dizeli, sasa ni 9.6 kwa mizigo ileile. Katika mavuno yote ya Agosti na Septemba ilisimama siku moja, kwa tairi. Mdogo wangu amechukua kaunta buku na kuligawa kurasa mbili, barabara kushoto, ugonjwa kulia, na siku za kusimama zina safu yake. Kila Jumamosi analegeza klempu na kuingiza kidole kwenye bomba la hewa kabla hajaosha gari.

Yako yaliyobaki. Gia ya pili inalia ikiwa baridi. Fundi anasema inasubirika, nasi tumeandika. Springi ya kushoto imepungua nguvu. Tairi mbili za mbele lazima zibadilishwe kabla ya mvua za Desemba, na mama mdogo ameshatenga 640,000 ndani ya kopo ambalo hakuna anayeruhusiwa kuuliza liko wapi.